Seti ya feji lamda niliyonunua kwa ajili ya labu yetu Arua: kizuri, kibaya na chati yenye makosa

Jamani walimu wenzangu wamenipigia sana kuuliza ile seti ya mazoezi ya feji, yaani virusi vya bakteria, tuliyonunua muhula uliopita, inafaa au tumepigwa, kwa hiyo naandika hapa mara moja kila mtu ajisomee aache kunipigia saa nne usiku. Mimi nafundisha labu kwenye chuo kimoja hapa Arua, Uganda, wanafunzi wa diploma, darasa la watu thelathini na mbili, labu yenye paa la mabati na madirisha yanayotazama magharibi. Hayo mabati yakumbuke maana yatarudi. Saplaya ni wa Kampala, jina lake naliacha, bei laki tisa na nusu bila nauli ya basi. Wao wanaiita kwa neno la Kiingereza ambalo nikiliandika Kiswahili linakua kiti, sasa sitaki mtu adhani chuo kimenunua samani, mimi nitasema seti.

Ndani ya boksi kuna vichupa vitatu vya bakteria E. coli waliochomekwa kwenye aga, ile jeli ya kufugia bakteria. Wa kwanza ni msafi hana kirusi, wa pili amebeba feji lamda ya kawaida iliyolala ndani yake, wa tatu amebeba lamda yenye kasoro ya joto. Alafu kuna kachupa kadogo ka feji yenyewe hiyo ya kasoro, unga wa aga, taa ndogo ya UV, kijitabu na chati kubwa ya ukutani. Na miwani ya kukinga macho, miwili. Miwili kwa darasa la thelathini na mbili! Taa ya UV inaunguza macho na mtu hajui mpaka usiku anapoanza kuhisi kama ametiwa mchanga, kwa hiyo tulilazimika kuwatoa nje wote wakaingia wawili wawili kama wanaenda kwa daktari.

Kwanza niseme kwa nini niliitaka. Somo la jinsi virusi vya bakteria vinavyowasha na kuzima jeni zake nimelifundisha miaka sita kwa chokaa na ubao, wanafunzi wanakariri majina ya jeni na protini zake, CI, Cro, N, Q, kama majina ya stendi za matatu, mtihani ukiisha vyote vinatoka kichwani. Lamda ni mzee wa somo hili. Mwanasayansi wa Marekani Esther Lederberg aliikuta mwanzoni mwa miaka ya 1950 imejificha ndani ya E. coli K-12, bakteria ambaye alikua anafugwa kwenye maabara za Marekani tangu 1922 na muda wote huo amebeba mgeni bila mwenye nyumba kujulishwa. DNA yake ina jozi za herufi 48,502, zilisomwa zote 1982 na kundi la Fred Sanger, mwanasayansi wa Uingereza. Ni kidogo mno, ila ndani ya hizo herufi chache kuna swichi ambayo watu wameichunguza miaka sabini na bado wanaandika juu yake.

Sasa safari. Mzigo ulipakiwa basi la usiku Kampala, ukafika Arua saa kumi na mbili asubuhi, lakini jamaa mwenye ufunguo wa buti alikua ameenda kunywa chai na chai yake ikaisha saa sita mchana. Boksi limekaa ndani ya buti lililofungwa, jua la Februari, chuma pande zote. Kwenye boksi wameandika "hifadhi kwenye joto la chumba". Chumba cha nani? Huyo aliyeandika chumba chake kina nyuzi 20. Labu yetu, chini ya yale mabati, saa nane mchana nilipima 34 na madirisha yako wazi.

Tukapanda bakteria wa tatu kwenye sahani, kijana mmoja akaziweka kwenye inkubeta yetu ya kila siku ambayo imesetiwa 37 tangu niajiriwe, juu kila mtu anajua bakteria wa tumbo la binadamu anapenda 37. Kesho yake bakteria msafi amejaa sahani nzima, wa tatu ana vikoloni vinne tu, yaani vikundi vinne vya bakteria walioota. Nikampigia saplaya nikiwa nimewaka, nikamwambia umeniuzia wafu. Yeye akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ulisoma ukurasa wa tisa?" Ukurasa wa tisa, maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo, wanasema huyu bakteria afugwe kwenye nyuzi 30, asizidi. Kitu cha kuua seti nzima unakiweka ukurasa wa tisa! Alafu Hajati wetu wa labu, mama ambaye amefanya kazi pale kabla mimi sijamaliza sekondari, akachukua kipimajoto cha zebaki akakiweka ndani ya inkubeta, kikasoma 39. Kwa hiyo ata hiyo 37 yetu ilikua ya uongo.

Lakini hapo ndipo nilipoanza kuipenda seti, maana hizo sahani tupu zilikua somo lenyewe. Ngoja nieleze. Lamda ikiingia ndani ya bakteria ina njia mbili. Moja ni kujizalisha haraka, ndani ya saa moja hivi inatoa watoto kama mia na kumpasua mwenyeji. Ya pili ni kujichomeka kwenye DNA ya bakteria, pale kati ya jeni za gal na bio, inalala, na kila bakteria akigawanyika mgeni naye ananakiliwa bure. Kinachomlaza ni protini moja inaitwa CI, ambayo inakalia DNA ya feji na kuzima karibu jeni zote isipokua ile inayotengeneza CI yenyewe. Mwanasayansi wa Marekani Mark Ptashne ndiye aliyeikamata mkononi kwa mara ya kwanza, 1967. Feji ya kichupa cha tatu ina CI yenye kasoro, alama yake cI857, kwenye nyuzi 30 inafanya kazi vizuri tu, ukipita 37 au 38 inaanza kulegea, ukifika 42 imeanguka kabisa. Sisi tulikua tumewaamsha virusi wote usiku ule bila kujua, wakawapasua wenyeji wao. Vile vikoloni vinne vilivyobaki bila shaka ni bakteria ambao mgeni wao alishatoka au ameharibika.

Saplaya alituma kichupa kingine bure, kikafika baada ya siku tisa, na safari hii kwenye kulboksi yenye barafu. Hapo nampa maksi zake zote, sijawahi kuona mtu wa vifaa vya labu akirudisha kitu bila kusukumana.

Tatizo likabaki la nyuzi 30. Inkubeta inapasha tu, haipozi, chumba kikiwa na 34 utaitoa wapi 30? Kijitabu hakina jibu. Tukaamua kufanya kazi usiku, Arua usiku kunapoa vizuri, wanafunzi wakaja saa mbili na mablanketi na chai kwenye themosi, umeme ukakatika mara mbili tukawasha jenereta ya chuo. Bakteria wa tatu wakakua kwenye supu ya chakula chao mpaka ikawa na ukungu. Alafu tukazamisha chupa kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 42, Hajati kasimama na kipimajoto mkononi anaongeza maji ya moto kijiko kwa kijiko kama anapika uji wa mgonjwa, dakika kumi na tano, tukarudisha 37 tukawa tunatikisa kwa mkono kwa zamu. Nusu saa hakuna kitu. Vijana wameanza kutazama simu. Ilipokaribia saa moja mmoja akainua chupa kwenye taa akapiga kelele, supu iliyokua na ukungu imekua angavu, unaona nyuzinyuzi zinaelea ndani tu, mabaki ya bakteria waliopasuka. Chupa ya bakteria msafi iliyopita kwenye sufuria ileile imebaki na ukungu wake. Nimefundisha miaka sita sijawahi kuona darasa linakataa kwenda kulala.

Asubuhi yake ndio nikafanya mchezo wa benchi, ambao haumo kwenye kijitabu, uchukue bure. Weka benchi la watu watatu katikati ya milango miwili. Mlango wa kushoto ukifunguka jeni ya CI inasomwa, mlango wa kulia ukifunguka jeni ya Cro na kundi lote la kupasua linasomwa. Nafasi za benchi ndio zile opereta, yaani sehemu za DNA ambazo protini hizi zinakalia, kutoka kushoto ni OR3, OR2, OR1, kila moja ina jozi za herufi 17. CI anatembea wawili wawili, hakai peke yake. Jozi ya kwanza inaipenda zaidi nafasi ya kulia, OR1, ikishakaa inamvuta mwenzake akae OR2, wanashikana mikono, na wakishakaa hapo mlango wa kulia hauwezi kufunguka, huku yule wa OR2 anamsaidia msomaji wa jeni kuingia mlango wa kushoto. Yaani CI anazima wenzake na kujiwasha mwenyewe kwa kikao kimoja! Na wakizidi kua wengi mno wengine wanaishia kukaa OR3, mlango wao wenyewe unafungwa mpaka wapungue. Cro ni protini ndogo, viungo 66 tu vya asidi amino wakati CI ana 236, na yeye anaipenda kwanza OR3, akikaa pale mlango wa CI umefungwa, basi. Nafasi ni zilezile tatu, tofauti ni nani anapenda kuanzia wapi.

Nikawakalisha wanafunzi, wale wa CI wanashikana mikono kwelikweli, msichana mmoja Cro anasubiri pembeni. Nikasema nyuzi 42, wale CI wakaachia mikono wakaanguka, Cro akaenda kukaa. Hakuna aliyekosea swali hilo kwenye mtihani.

Turudi kwenye bidhaa. Zoezi la pili ni la madoa, unachanganya feji ya kasoro na bakteria msafi kwenye aga laini, unamwaga juu ya sahani, sahani moja unaiweka 30 nyingine 40 hivi. Kila feji inatoboa tundu kwenye zulia la bakteria, hilo ndilo doa. Sahani ya joto matundu yake ni angavu kama kioo. Sahani ya baridi matundu yana ukungu katikati, maana pale katikati wamebaki bakteria waliopokea feji ikalala, na feji ikishalala ndani CI yake inazima na zile zinazokuja nyuma, kwa hiyo bakteria huyo hapasuliwi tena. Feji ni moja, kachupa ni kamoja, kilichobadilika ni joto. Mwanasayansi wa Marekani Dale Kaiser miaka ya 1950 alichambua madoa angavu ya namna hii ndio akapata jeni tatu, cI, cII, cIII, hiyo c ni ya neno la Kiingereza "clear", yaani angavu. Hili ndilo zoezi bora kwenye boksi na linafanyika ata kwenye labu maskini.

Ila kijitabu kinakwambia "ongeza maltozi na magnesi" bila kusema kwa nini, na kundi moja wakaona uvivu wakatumia supu yao ya zamani yenye glukosi. Doa hata moja hawakupata! Lamda inaingilia mlango wa bakteria ambao kazi yake ya asili ni kupitisha maltozi, aina ya sukari, bakteria akishiba glukosi hajengi milango hiyo, virusi vinabisha hodi kwenye ukuta. Mstari mmoja tu ungeokoa kundi zima.

Zoezi la UV na kichupa cha pili ni zuri nusu nusu. Mionzi inaharibu DNA ya bakteria, protini ya bakteria iitwayo RecA inajipanga kwenye DNA iliyojeruhiwa, na CI akikutana na RecA iliyopangika hivyo anajikata mwenyewe vipande viwili. Ni kama mgeni anasikia paa linawaka, anakusanya vitu vyake anaondoka. André Lwoff na wenzake walilionyesha jambo la UV kuamsha virusi 1950 kule Ufaransa, wakitumia bakteria mwingine, na Lwoff akapata Nobeli 1965 pamoja na Jacob na Monod. Kwetu kundi moja lilipata madoa mengi, lingine machache sana, kumbe waliacha sahani zao dirishani. Mwanga wa kawaida unawasha kimeng'enya cha bakteria kinachorekebisha majeraha ya UV. Funika na foili mara moja baada ya taa. Hii nayo kijitabu hakisemi, na foili hawakuweka.

Chati ya ukutani sasa. Rangi nzuri, karatasi ngumu, na wamegeuza OR1 na OR3. Wameweka OR1 upande wa jeni ya CI! Ukifundisha kwa chati ile hadithi nzima haiingii akilini, kila mtu anaziba mlango usio wake. Tumebandika plasta tukaandika upya kwa kalamu. Nimewatumia picha, wakasema watarekebisha toleo lijalo.

Na uamuzi wenyewe wa kulala au kupasua wameupa mistari miwili, wakati ni pale utamu ulipo. Feji ikiingia jeni za kwanza kusomwa ni chache, N na cro, msomaji anakutana na kizuizi anasimama. N ni kama ile barua unayoonyesha polisi wa roadibloku, ikishaandikwa msomaji anayefuata anaibeba, anapita bila kusimama anafika kwenye jeni za mbele, ikiwemo CII. CII ndiye anayepiga kura ya kulala, anawasha CI kwa mara ya kwanza. Lakini CII anatafunwa na kimeng'enya cha bakteria, FtsH, na CIII, protini nyingine ya feji, anamkinga. Bakteria mwenye njaa anamtafuna CII kidogo, bakteria aliyeingiwa na feji nyingi kwa pamoja anakua na CII wa kutosha, hapo feji inalala. Ina maana ikikuta chakula kimeisha au wenzake wamejaa haioni faida ya kupasua. CII akishindwa, Q anaandikwa wa kutosha, anafungua roadibloku ya mwisho, vichwa na mikia vinatengenezwa, kwisha habari ya mwenyeji.

Kitu kingine kilichoniudhi ni tangazo lao linalosema "ujue jinsi virusi vyote vya bakteria vinavyoongoza jeni zake". Vyote wapi! Feji nyingine, T7, hailali kabisa, jeni zake za mwanzo zinasomwa na polimerasi ya bakteria, ndiye yule msomaji wa jeni, moja ya hizo inatengeneza polimerasi ya T7 yenyewe, na kuanzia hapo msomaji ni wake mwenyewe anayetambua promota zake tu, yaani milango yake. Feji T4 inaiba polimerasi ya mwenyeji na kuibadilisha kidogo kidogo mpaka isome jeni za feji. Na 2017 kundi la Rotem Sorek kule Israeli lilionyesha kuna feji za bakteria wa Bacillus zinaachia ujumbe mfupi, peptidi, yaani kiprotini kifupi cha viungo sita, wale wanaokuja baadaye wakikuta ujumbe umejaa wanajua mauaji yamekua mengi, wanalala. Lamda ni mmoja wa ukoo mkubwa, wangesema hivyo tu.

Kuna mwenzangu mmoja alisema hivi vitu ni vya wazungu wenye muda, sisi tufundishe kupima malaria. Nikamuuliza, huku kwetu kando ya Nile na Ziwa Albert kipindupindu tunakijua au hatukijui? Sumu ya kipindupindu jeni zake zimeletwa na feji iliyojichomeka ndani ya bakteria, watafiti Waldor na Mekalanos walionyesha hilo 1996. Na wale E. coli wanaoharisha watu damu, jeni za sumu yao ziko kwenye feji za ukoo wa lamda, dawa zinazojeruhi DNA kama siprofloksasini zinaweza kuiamsha feji na sumu ikaongezeka. Mwanafunzi wangu aliyeona supu ile ikiwa angavu usiku ule haitaji nimweleze mara mbili.

Maksi zangu ni nyota tatu na nusu. Kilichomo kwenye vichupa ni nyota tano, huduma ya simu nne, kijitabu mbili, chati sipendi ata kuitaja. Bei ni kubwa, ila bakteria ukiwatunza vizuri unawapanda upya kila muhula, kwa hiyo mwaka wa pili unanunua aga tu. Usinunue kama huna namna ya kupata nyuzi 30 za kweli, na kabla hujafungua boksi pima inkubeta yako kwa zebaki, usiiamini kioo chake.

Sahani zetu mbili za madoa bado ziko kwenye friji, tumezifunga na selotepu, mwaka wa kwanza wanakuja kuzichungulia wakati wa brek. Nimeagiza seti nyingine kwa ajili yao, inapanda basi Ijumaa usiku, na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nitakua nimeshasimama pale stendi namsubiri yule jamaa wa ufunguo kabla hajaenda chai.